Buli la Yixing linanuka sabuni, na mgeni yuko njiani

Swali la msomaji wa Tanga:

"Fundi wa Kichina niliyefanya naye kazi kwenye mradi wa barabara alinizawadia buli dogo la udongo la rangi ya kahawia, vikombe sita vidogo, na pakiti ya chai iliyojiviringa kama punje. Alisema buli limetoka mji wa Yixing, huko kwao China. Alipotuonyesha namna ya kuitengeneza, maji ya kwanza aliyamwaga, na mimi nilipommiminia aligonga meza kwa vidole. Nyumbani tulipika kwa njia yetu, tukatia maziwa, kisha tukaliosha buli kwa sabuni ya maji. Tangu hapo chai inanuka sabuni, na hata harufu ikipungua chai yenyewe ni chungu kama dawa. Mwisho wa mwezi anakuja na mkewe kutuaga. Buli linaokoleka? Niwaandalie vipi? Na nitajuaje kama ni la Yixing kweli?"

Jibu:

Linaokoleka, ndugu yangu, mradi halijapata ufa. Anza leo, maana kulisafisha kutachukua siku mbili na kulikausha siku tatu nyingine.

Vikombe vya kaure vya nyumbani vimepakwa tabaka la kioo, ndiyo maana sabuni huteleza juu yake na kuondoka na maji. Buli la Yixing halina tabaka hilo, ndani wala nje. Ni udongo mtupu uliochomwa, wenye vitundu vidogo mno, na likipata moto hufyonza chochote kilichomo: mafuta ya chai, mafuta ya maziwa, sukari, sabuni. Manukato ya sabuni ya maji yametengenezwa yadumu, kwa hiyo ndiyo yanayokuwa magumu kutoka. Maziwa nayo hubaki vinyweleoni na kwa joto la pwani huchacha humo humo. Nyinyi mna vyote viwili vya kutoa.

Tafuta sufuria isiyopikiwa samaki wala vitunguu. Tandika kitambaa safi cha pamba chini, weka buli na kifuniko mbalimbali visigongane, kisha jaza maji baridi yapite juu ya buli kwa vidole viwili. Tia magadi soda, ile nyeupe laini ya maandazi na si mawe ya magadi ya maharage, kijiko kimoja cha chai kwa kila lita. Loweka usiku kucha bila moto. Asubuhi mwaga, suuza, jaza maji mapya baridi, washa moto mdogo yapate moto taratibu, kisha yaache yachemke kwa mbali nusu saa. Zima, na buli lipoe ndani ya maji hayo hayo. Hapo watu wengi huharakisha, wakalitoa likiwa la moto na kulitia chini ya bomba. Udongo hauna uvumilivu na jambo hilo, na ufa hutokea shingoni au chini ya mkono. Rudia kuchemsha kwa maji mapya mara mbili zaidi.

Kisha lijaribu. Jaza maji yanayochemka, funika dakika tano, mimina kwenye bilauri na uonje yakiwa vuguvugu.  Kama ipo bado, rudia yote tangu magadi. Kama haipo, chemsha mara ya mwisho pamoja na gramu 10 za chai ile ile utakayoitumia, liache humo mpaka lipoe, suuza kwa maji ya moto, kisha liache wazi, kifuniko pembeni, mahali penye kivuli na upepo, siku tatu.

Tangu hapo buli lisiguse sabuni, maziwa, sukari, tangawizi wala waya wa kusugulia. Lisikae juu ya jiko la aina yoyote: linastahimili maji ya moto yanayomiminwa ndani, ila moto wa chini ukilichoma upande mmoja hupasuka. Ukimaliza kunywa, toa majani saa hiyo hiyo, suuza kwa maji ya moto na uliache wazi. Majani yakilala ndani usiku mmoja katika unyevu wa Tanga, kesho yake kuna ukungu. Ukikuta ukungu, chemsha kama nilivyoeleza na ulikaushe siku kadhaa kabla ya kulitumia. Ni vizuri pia buli libaki na aina moja ya chai, kwa sababu kinachofyonzwa leo huonjeka kesho.

Sasa uchungu. Huo hautokani na sabuni. Umetokana na kupika chai ya Kichina kwa kipimo cha chai ya kwetu. Majani tunayonunua dukani, ya Kericho au ya Mufindi, yamekatwakatwa kiwandani hadi kuwa chembe, kwa hiyo hutoa rangi upesi na yametengenezwa kustahimili maziwa. Majani uliyopewa ni mazima, yameviringwa. Kwa jinsi ulivyoyaeleza, yaelekea ni ya kundi la wulong, chai iliyochachushwa nusu, iliyo kati ya chai ya kijani na nyeusi. Mashuhuri zaidi kwa umbo hilo ni Tieguanyin ya Anxi, mkoani Fujian. Chai hii hutengenezwa kwa majani mengi, maji kidogo na muda mfupi, ikimiminwa mara nyingi. Ukiiacha ndani dakika tano kama chai ya rangi, unakamua kila kilichomo kwa mkupuo mmoja, na uchungu huja wote pamoja.

Pima buli lako kwanza. Jaza maji hadi kifuniko kikae, kisha yamimine kwenye chupa ya mtoto yenye mistari ya mililita. Mabuli ya namna hii huwa kati ya mililita 100 na 200. Kanuni ninayoipendekeza ni gramu 1 ya majani kwa kila mililita 15 hadi 18. Buli la mililita 120 litataka gramu 7 hivi, yaani kama vijiko vitatu vya chai visivyo na kichuguu. Yakiwa makavu utaona ni machache. Usiongeze. Kufikia maji ya tatu yatakuwa yamefunguka na kulijaza hadi kifunikoni.

Maji yawe yanachemka hasa. Tanga mko usawa wa bahari, maji yanafika nyuzi 100 na hayahitaji kusubiriwa. (Wasomaji wa Nairobi, maji yenu huchemka kama nyuzi 94, kwa hiyo nanyi mimineni papo hapo, na muongeze sekunde tano kila zamu.) Maji ya kisima cha pwani yana chumvi na chokaa, huifanya chai iwe nzito, iliyofifia, na huacha utando mweupe kwenye buli. Tumia ya chupa au ya mvua yaliyokingwa safi. Ya bomba yenye dawa yaache wazi usiku mmoja.

Mwendo ni huu. Mimina maji ya moto ndani ya buli tupu na juu yake, lipate joto, uyamwage. Tia majani. Jaza maji hadi yafurike kidogo, ondoa povu kwa ukingo wa kifuniko, funika, na baada ya sekunde tano mimina yote kwenye vikombe kuvipasha. Hayo ndiyo maji ya kwanza aliyoyamwaga mwenzako: yanaamsha majani yaliyobanwa, yanaondoa vumbi na yanapasha vyombo, wala hapakuwa na dharau kwa chai. Kisha jaza tena, sekunde 20, mimina, hii sasa mnakunywa. Inayofuata sekunde 15, kwa sababu majani yameshafunguka. Halafu 20, 30, 45, na ya sita dakika nzima. Wulong nzuri hufika sita au saba kabla ya kuchoka.

Kila ukimimina, limalize buli hadi tone la mwisho. Hapa ndipo chai nyingi huharibika hata kwa waliopima vizuri: kijiko kimoja cha maji kikibaki ndani huku mkizungumza, kinaendelea kukamua majani, na zamu inayofuata hutoka chungu.

Usijaze kikombe kimoja ukahamia cha pili, kwani cha kwanza kitakuwa maji na cha mwisho dawa. Wenye sanaa hii zaidi ni watu wa Chaozhou, mashariki mwa mkoa wa Guangdong. Wao hupanga vikombe vigusane, kisha huzungusha mdomo wa buli juu ya vyote bila kukatiza, kila kikombe kikipata kidogo kidogo. Mzunguko huo wanauita Guan Gong akizunguka mji, kwa jina la jemadari wa kale anayeheshimiwa hadi leo. Yanapobaki matone mazito ya mwisho, huyagawa moja moja kwa kila kikombe, na hayo ni Han Xin, jemadari mwingine wa kale, akihesabu askari. Ukiona mkono wako hauna uzoefu huo, mimina buli lote kwanza kwenye jagi dogo la kioo lililopashwa moto, ndipo ugawe. Wachina wengi wa leo hufanya hivyo na hakuna atakayeshangaa.

Vikombe hivyo vidogo visivyo na mkono visikutie shaka. Ni saizi ya kikombe cha kahawa chungu cha barazani, na hunywewa vivyo hivyo, mafunda mawili matatu na mazungumzo katikati. Kila kimoja kijaze sehemu saba kwa kumi tu. Kikijaa hakishikiki kwa joto, na pia kuna maana: kikombe cha chai kilichojazwa hadi ukingoni huchukuliwa kuwa ishara ya kumwambia mgeni aondoke. Kwetu kujaza ni ukarimu, kwa hiyo jihadhari na mazoea ya mkono. Anza na mkubwa wa umri, awe mgeni au mama yenu mzazi akiwepo, halafu wageni, mwenyewe uwe wa mwisho. Kikombe kipelekwe kwa mikono miwili. Buli likiwekwa chini, mdomo wake usimwelekee mtu yeyote.

Kugonga meza ni shukrani. Vidole viwili vilivyokunjwa, mara mbili au tatu, na mazungumzo yanaendelea bila kukatizwa. Husimuliwa kwamba mfalme Qianlong, aliyetawala China karne ya 18, alisafiri akiwa amejificha kama mtu wa kawaida na akawamiminia chai watumishi wake. Kwa kuwa kupiga magoti kungemfichua, walikunja vidole mezani badala ya magoti. Hadithi ni hadithi, ila desturi ni hai, hasa kusini, Guangdong na jirani zake. Mkewe akiwa wa kaskazini huenda asigonge, na si kosa. Yeye akikumiminia wewe, gonga. Atafurahi kuona uliangalia.

Chaozhou wana mambo mengine mawili ninayoyapenda na yatakufaa. Akiingia mgeni mpya katikati ya chai, majani hubadilishwa, mtu asinywe mabaki ya wenzake. Na kuendelea kumimina chai iliyokwisha rangi ni kumwonyesha mgeni kwamba umemchoka. Kwa hiyo zamu ya saba ikipauka, usiulize. Tupa majani, weka mapya. Kwa jioni ya watu wanne au sita tayarisha gramu 21, za kujaza buli mara tatu.

Weka kitu cha kutafuna: korosho, karanga, tende, kashata. Wulong nzito tumboni mtupu huleta kizunguzungu na mikono kutetemeka, na dawa yake ni kitu kitamu. Wao wenyewe huita hali hiyo kulewa chai. Wasioizoea wale kwanza.

Wakija na zawadi, ipokee kwa mikono miwili, wala usishangae wasipofungua ya kwako mbele yako. Ni adabu kwao kufungua baadaye. Ukitaka kuwapa kitu cha kuondoka nacho, kahawa ya Kilimanjaro au korosho zinafaa sana. Epuka saa ya ukutani au ya mezani, ambayo kwao huhusishwa na mazishi, epuka vitu vinne vinne, na usifunge kwa karatasi nyeupe, rangi ya msiba. Nyekundu ndiyo ya heri. Na kama katika mazungumzo watagusia harusi yao, waulize juu ya chai: katika harusi nyingi za Kichina, bwana na bibi harusi huwapa wazazi wa pande zote vikombe vya chai, mara nyingi kwa kupiga magoti, nao wazazi wakishakunywa hutoa bahasha nyekundu yenye fedha. Kunywa kile kikombe ndiko kumkubali mkwe. UNESCO ilipoingiza ufundi wa chai wa China kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2022, iliingiza desturi zake pamoja nao.

Limebaki swali la kama buli ni la Yixing. Mji huo uko mkoani Jiangsu, magharibi mwa ziwa Tai, na mafundi wake wengi wako kitongoji cha Dingshu. Mwaka 1391 mfalme wa kwanza wa nasaba ya Ming alifuta kodi ya chai ya kugandamizwa, akataka ya majani yaliyo huru. Chai ya kusaga na kukoroga bakulini ikaanza kupotea, na haja ya chombo cha kuiloweka ikaja. Tangu karne ya 16 Yixing ndiyo inayoongoza, kwa udongo uitwao zisha. Huchimbwa kama mawe, mashuhuri zaidi yakiwa ya mlima Huanglong. Mawe huachwa nje kwenye mvua na jua miezi mingi hadi yameguke, husagwa, huchekechwa, huchanganywa na maji, kisha tope huhifadhiwa liive kabla ya kupondwa kwa nyundo ya mbao.

Udongo huu una mchanga mwingi na haupendi gurudumu la mfinyanzi. Fundi huupiga kwa nyundo ya mbao mpaka uwe bapa lenye unene wa milimita chache, hukata mkanda mmoja na kuukunja kuwa bomba, unapokutana ncha kwa ncha. Halafu vidole vya mkono wa kushoto vinaingia ndani kushikilia, wa kulia unapiga nje kwa kibao cha mbao, taratibu, huku kigurudumu cha mkono kikizunguka, na mdomo wa bomba unajikunja kuelekea ndani kila pigo. Huziba kwa duara la udongo, hugeuza, hupiga upande wa pili. Pale zilipokutana ncha ndipo hubandikwa mkono wa buli. Mwisho hupitisha juu yake ubapa mwembamba wa pembe ya ng'ombe unaonyumbulika. Huo huzamisha chembe za mchanga na kuleta juu udongo laini, na ndiyo sababu buli hung'aa kwa mbali bila kupakwa chochote. Huchomwa kwa nyuzi 1,100 hadi 1,200 hivi, kifuniko kikiwa juu yake, visinyae kwa kipimo kimoja.

Chukua tochi basi, uangalie ndani. Ukiona mstari hafifu wa wima upande wa mkono, limejengwa kwa mkanda. Hilo peke yake halithibitishi kazi ya mkono mtupu, kwa sababu mabuli mengi mazuri ya bei ya kati hujengwa hivyo kisha hukandamizwa ndani ya kalibu ya plasta. Alama zake ni michirizi ya vidole inayotawanyika kutoka katikati ya kitako. Ukiona ukuta laini sawasawa kila mahali, na ndani ya mdomo kuna shimo refu kana kwamba mdomo na tumbo vilizaliwa pamoja, limemiminwa kwa uji wa udongo kwenye kalibu. Hilo ni la kiwanda cha bei rahisi, na mara nyingi uji huo hutiwa kemikali ya kuufanya utiririke. Ukiona mizunguko kama ya chungu cha gurudumu, usikimbilie kusema ni bandia. Chaozhou wana udongo wao mwekundu na mabuli yao hufinyangwa kwa gurudumu tangu zamani, ni mazuri sana kwa wulong.

Tone la maji juu ya ukuta mkavu husaidia pia. Udongo safi hulifyonza polepole na kuacha doa. Likisimama kama juu ya jani la mgomba, limepakwa nta au rangi ya viatu, na maji ya moto yataitoa harufu yake. Likipotea mara moja, halikuiva tanurini. Rangi ya kijani kali, buluu au nyeusi tititi hutokana na madini ya kuongezwa. Halafu jaza maji robo tatu, ziba kitundu cha kifuniko kwa kidole na uinamishe: kifuniko kilichokaa vizuri hukata maji papo hapo.

Mhuri chini ya buli usikubabaishe. Mihuri huigwa kirahisi kuliko kazi. Gu Jingzhou, fundi mkubwa wa karne iliyopita aliyefariki mwaka 1996, jina lake limepigwa kwenye mabuli mengi asiyowahi kuyagusa, na yake halisi huuzwa mnadani kwa mamilioni ya yuan.

Likiwa la kumiminwa na bado linatoa harufu ya kemikali baada ya kuchemshwa mara tatu, liweke kabatini na utumie buli dogo la kaure lenye ujazo uo huo, kwa vipimo na sekunde zile zile. Mgeni akiliulizia mwambie tu kwamba liliingia sabuni. Atakuelewa, na huenda akataka kulichemsha mwenyewe.